Mifuniko Inayoruka ni ya Nani?

Wakili Asamoah akabonyeza simu, na sauti ya Yaa Dufie ikajaa chumba kizima: "Mimi jamani sikufanya kitu. Kila kitu kafanya Kwasi!"

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na mmenitukana vya kutosha. Kuna mama mmoja wa Bantama alinisimamisha mbele ya benki, beseni la nyanya kichwani, akaniuliza kama nilizaliwa na mtu. Nilizaliwa, mama. Tua beseni, tunaendelea.

Wewe unayeanza leo, nakupa kwa mkato. Yaa Dufie ni mchoraji wa vitenge hapa kwetu Kumasi, mwaka wa kumi na nne sasa. Kachora kitenge cha sufuria zinazochemka, mifuniko inaruka, na safari hii alisaidiwa na mashine, ile akili mnemba ambayo ukiiandikia maneno inakuletea picha. Kitenge kimetoka, soko zima limejifunga. Bwana Bediako, yule wa duka la ghorofa pale Adum, akakichukua kama kilivyo, akakichapisha ng'ambo, akakileta kwa makontena. Yaa akampeleka ofisi ya hakimiliki. Bediako wala hakukana. Alikuja na Wakili Asamoah, akasema tu kwamba kilichochorwa na mashine hakina mwenyewe, ni kama mvua, kila mtu na akinge ndoo yake.

Leo Madam Quansah, msuluhishi, anaamua. Akisema Yaa ndiye mtunzi, Bediako hauzi hata kipande. Akisema siye, basi Yaa alikuwa ameketi tu mbele ya mashine, na mkono wake wa miaka kumi na nne hauna kazi tena katika mji huu.

Madam Quansah akavua miwani.

"Bi Yaa, hiyo sauti ni yako?"

"Ni yangu, Madam."

"Na huyo Kwasi ni nani?"

Yaa akatazama vidole vyake. Akatazama feni. Akamtazama mjomba wake, Mzee Donkor, aliyekuja kumtetea. Mjomba naye akatazama feni.

"Ni laptopu," akasema Yaa.

Chumba kikaangua kicheko. Mlangoni walikuwa wamejazana wanawake wa soko, wengine wamesimama juu ya viatu vya wenzao, na kicheko chao kilisikika mpaka barabarani.

"Laptopu inaitwa Kwasi?"

"Niliinunua Jumapili, Madam."

Kwasi kwetu ndilo jina la aliyezaliwa Jumapili. Madam mwenyewe anaitwa Araba kwa kuwa alizaliwa Jumanne, angeuliza nini tena?

Wakili Asamoah akaiacha video ya kwenye simu iendelee. Ilikuwa siku ya nane tangu kitenge kianze kugombaniwa sokoni, na wanawake wa soko walikuwa wakikitoa nje kama mtoto mchanga, kwa ngoma na vigelegele. Yaa kavaa nguo nyeupe. Kashika bilauri mbili, moja ya maji, moja ya pombe kali ya jini, zile za kumfundishia mtoto mchanga kusema kweli. Akachovya kidole kwenye maji, akadondosha tone juu ya vibonye vya laptopu. "Ukisema maji, yawe maji." Akachovya kwenye jini, akadondosha tena. "Ukisema pombe, iwe pombe." Kisha akapiga goti, akaishukuru mashine mbele ya umati wote.

Wakili akazima simu taratibu, kama mtu anayefunika chakula alichokwisha kukila.

"Madam, mtoto katolewa nje, baba kashukuriwa mbele ya mashahidi mia. Tungependa kumhoji huyu Kwasi. Yuko wapi?"

"Marehemu," akajibu Mjomba Donkor.

"Pole sana. Alikufa kwa nini?"

"Pombe."

Ndivyo ilivyokuwa, sikuongezei chumvi. Wanawake hawakukubali Yaa amnyweshe Kwasi peke yake. Kila mmoja alitaka kumtilia tone lake la baraka, na pale walikuwa si chini ya arobaini. Alipofika mwanamke wa ishirini na kitu, Kwasi alitoa moshi, akalia mara moja, akazima. Ndani yake mlikuwa na michoro yote ya Yaa, ya kwanza mpaka ya mwisho, kila hatua. Ndiyo maana leo hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Yaa, dada yangu, kweli kabisa? Kifaa cha umeme unakipa jini?

Mjomba Donkor akasimama, akafunga kifungo cha koti. Mjomba huyu alifanya kazi mahakamani miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita majina ya mashahidi kwa sauti kubwa. Sheria, anasema, ilimwingia kwa masikio.

"Madam, nina mawili. La kwanza, hata kama Kwasi ndiye baba, sisi Waasante mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwasi akadai kwa mama yake."

"Mama yake Kwasi ni kiwanda, Mzee. Njoo la pili."

"La pili namuuliza Bwana Bediako. Bwana Bediako, una nyumba ya ghorofa nne?"

Bediako, mtu mnene mwenye saa ya dhahabu, akamtazama wakili wake. Wakili akainua mabega.

"Ninayo."

"Siku ya kuifungua nilikuwepo. Nilikula mbuzi wako, alikuwa mgumu lakini nilikula. Watu waliposema, hongera Bwana Bediako kwa jumba hili, wewe ulijibuje?"

"Sikumbuki."

"Alisema ni kibanda!" ikatoka sauti mlangoni.

"Kibanda cha kujikinga mvua!" ikaongeza ya pili. "Na mimi nilikuwepo, na mbuzi alikuwa mgumu kweli!"

Madam akagonga meza. Mjomba Donkor akasubiri utulivu, huku akifurahia kila dakika.

"Kwa hiyo, Bwana Bediako, ile ni kibanda?"

"Aa, Mzee, ile ilikuwa adabu tu. Mtu akikusifia utasemaje?"

"Adabu!" Mjomba akaruka kama kaungua. "Andika, Madam, neno hilo kalisema yeye. Hapa kwetu nani anasifiwa akajibu, ndiyo, ni mimi? Wakikusifia mtoto unasema kabaya tu haka. Wakikusifia supu unasema chumvi imezidi. Ukisimama mbele ya macho ya soko zima useme ni mimi, kesho utaamka kichwa kinagonga na hutajua ni jicho la husuda la nani. Huyu binti watu mia walikuwa wanamkodolea macho! Mlitaka afanyeje? Akamsukumia Kwasi. Na mkiangalia vizuri, ni nani aliyekufa? Ni Kwasi!"

Jamani, Madam Quansah mwenyewe alicheka mpaka akaomba maji. Wanawake mlangoni walipiga makofi. Bediako akafuta jasho. Kwa dakika tatu nzima nilidhani kesi imekwisha, na kwamba nitakosa cha kuwaandikia.

Wakili Asamoah hakucheka. Wale wasiocheka ndio wa kuogopa.

"Adabu nimeikubali," akasema. "Tuifute video, tufanye haikuwepo. Sheria inauliza jambo moja tu. Ni kazi ya mtu? Mtu huyo alitia nini chake humo, zaidi ya kuandika maneno matatu na kubonyeza? Bi Yaa atuonyeshe. Asituhadithie. Atuonyeshe."

Cha kuonyesha kilikuwa kimelewa, kikafa.

"Naweza kueleza?" akauliza Yaa, kwa sauti ndogo.

"Eleza," akasema Madam.

"Wiki tatu, Madam. Niliiandikia sufuria, ikaniletea sufuria zenye vidole. Nikaiambia haina vidole, ikaniletea zenye meno. Nikaomba mvuke, ikaniletea mawingu na ndege. Nilitupa picha kama mia nne. Nikachukua sufuria zilizokaa vizuri, mimi mwenyewe nikazipanga, nikaunganisha kingo ili kitambaa kikichapwa mstari usionekane. Ile mifuniko ndiyo ilinitoa machozi. Mashine haikuiweza kabisa."

"Maneno," akasema wakili. "Matamu, lakini ni maneno. Na mimi naweza kusema nilijenga daraja la mto Volta."

Madam Quansah akatazama saa. Ilikuwa inakaribia saa saba, na watu wa pwani kama yeye wakikosa kenkey yao ya mahindi kwa wakati hawana mzaha.

"Tufanye hivi. Kompyuta ya ofisi ile pale, na mashine ya akili mnemba imo, tena ni ileile. Wakili, wewe unasema ni maneno matatu na kubonyeza. Nenda. Andika. Nitolee kitenge hiki."

Wakili Asamoah akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaketi, akanyoosha mikono ya shati, akaandika: sufuria zinazochemka, mifuniko inaruka, bluu na njano, za kitenge. Akabonyeza. Sote tukainama mbele ya kioo, hata mimi niliyekuja kuandika tu.

Zikaja sufuria. Zilikuwa zinacheka. Kila moja ilikuwa na meno thelathini na mawili.

"Andika isicheke," akanong'ona Bediako.

Wakili akaandika isicheke. Zikaja sufuria zinazolia.

"Nipishe!" akasema Bediako, akamsukuma wakili wake kwa nyonga, akaandika kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anagonga mlango wa mdeni. Akabonyeza. Akaja bibi wa Kizungu mwenye kofia ya maua, kashika birika, kasimama kwenye theluji.

"Huyo atavaliwa sana sokoni Kejetia," akasema Mjomba Donkor.

Wakajaribu mara kumi na moja, nilihesabu. Walipata sufuria zenye magurudumu. Walipata sufuria moja kubwa yenye mifuniko sita. Walipata, na hili naapa, mtu mnene mwenye saa ya dhahabu amekaa ndani ya sufuria, na chumba kizima kikageuka kumtazama Bediako. Mfuniko unaoruka kama ule wa kwenye kitenge haukuja hata mara moja.

"Nadhani tumeona," akasema Madam.

"Hatujaona, Madam!" Wakili alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Mimi si fundi, nimeshindwa, sawa. Fundi yupo. Na yeye aketi hapa, aandike, akitoe kitenge chake! Akishindwa na yeye, basi hakuna aliyekichora. Mashine ilikitoa siku ile kwa bahati yake yenyewe, na bahati haina mtunzi."

Mjanja huyo. Naichukia akili yake, lakini mjanja.

Yaa akaketi kwenye kompyuta. Akaandika polepole, maneno yaleyale aliyomwandikia Kwasi. Akabonyeza. Zikaja sufuria nzuri kidogo kuliko za wakili, lakini mifuniko ilikuwa imesimama hewani, imenyooka, kama kofia ambazo watu wamevua kusalimiana. Akajaribu tena. Tena.

"Haji," akasema.

"Nani haji?" akauliza wakili.

"Mfuniko wangu."

"Kwa hiyo na wewe umeshindwa." Wakili akamgeukia Madam, mikono wazi. "Sina la kuongeza."

Bediako akatoa pumzi ndefu, akakaza saa yake ya dhahabu. Mjomba Donkor akafungua kifungo cha koti. Hata wanawake mlangoni walishuka kwenye viatu vya wenzao.

Yaa akainuka. Msomaji wangu, nimemjua Yaa Dufie tangu yuko kiwandani, ni mtu wa kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Lakini macho yaliyotazama ile kompyuta siku hiyo sikuyajua.

"Nipeni penseli," akasema.

Hapakuwa na penseli. Madam akampa kalamu yake ya wino mwekundu. Yaa akageuza barua ya wito wa kesi, ile ile iliyompeleka Bediako pale, akainamia meza, akachora upande wa nyuma. Hakufuta, maana wino haufutiki. Mstari, mstari, tumbo la sufuria. Mstari mmoja mrefu bila kuinua mkono. Ulikuwa mfuniko, umeinuka upande wa kushoto tu, upande wa kulia bado umegusa ukingo, na mvuke unapenya kwenye ule upenyo kwa hasira.

Madam akachukua kitenge kilichokuwa mezani, akakiweka kando ya barua. Akatazama huku. Akatazama kule. Akaita wakili aje atazame.

"Mama yangu alipika supu ya karanga akauza kando ya barabara ya Asafo," akasema Yaa, na sauti sasa haikuwa ndogo. "Alipikia juu ya mawe matatu. Sufuria juu ya mawe haikai sawa, siku zote inalalia upande mmoja, na mfuniko unainuka upande ule wa juu. Haurukiruki kama kofia! Mashine haijui kwa sababu haijawahi kuunguzwa. Mimi nina alama hapa, tazama." Akakunja mkono wa blauzi. "Nilikuwa na miaka sita. Kwa hiyo kila picha aliyoleta Kwasi nilimtolea mfuniko, nikatia wa kwangu. Kila sufuria. Hesabuni kwenye kitambaa, ipo mia na nane, na hakuna mifuniko miwili iliyoinuka sawa."

Wakili akafungua mdomo, akaufunga. Kisha, kwa kuwa alikuwa wakili, akaufungua tena.

"Basi useme wazi, Bi Yaa. Sokoni ulisema hukufanya kitu. Leo unasemaje? Nani kakifanya kitenge hiki?"

Yaa akageuka, akatazama mlangoni. Pale walikuwa wanawake wale wale wa siku ya nane, macho yale yale. Na mbele yao, kwenye kiti alichowekewa peke yake, alikaa Mama Sarfowaa, malkia wa wauza vitenge wote wa Kejetia, shahidi wa Yaa, mwanamke ambaye akikohoa soko linafungwa. Tangu asubuhi alikuwa hajaitwa kutoa ushahidi. Alikuwa anatafuna kijiti chake cha mswaki tu.

"Sema, mwanangu," akanong'ona Mjomba Donkor. "Jicho au si jicho, sema."

Mama yake Yaa alimfundisha tangu mdogo asijisifu mbele za watu. Neno aliloombwa hajawahi kulitamka maishani mwake, hata siku alipopata mtoto.

"Ni mimi," akasema.

"Sikusikia," akasema wakili.

"Ni mimi! Nimekifanya mimi! Sufuria, mifuniko, mpango, rangi, mimi peke yangu! Kwasi alikuwa kalamu tu. Hakuna aliyenisaidia, si mashine, si mtu!"

Na machozi yakamtoka. Mimi niliyeandika kesi za wezi na za wazinzi miaka ishirini nilitafuta leso yangu, nikakuta nimeisahau.

Madam Quansah aliandika muda mrefu. Kisha akasoma.

"Ofisi hii inaona hivi. Kilichotoka kwenye mashine kama kilivyotoka hakina mtunzi, kwa hiyo sufuria tupu ni za kila mtu. Lakini mifuniko, mpango wake na jinsi ilivyounganishwa ni kazi ya mkono na akili ya mtu, na mtu huyo amesema hapa mbele yangu, na nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, kwamba ni yeye peke yake. Mifuniko yote mia na nane ni ya Yaa Dufie. Bwana Bediako hatauza hata mmoja."

Msikilize Kumasi! Vigelegele vilipasuka. Mjomba Donkor aliita jina la Yaa kwa ile sauti yake ya mahakamani, mara tatu, mpaka askari wa chini akapanda ngazi kuuliza shahidi ni nani.

"Madam," akasema Bediako, mnyonge, kidole juu kama mwanafunzi. "Naweza kuuza sufuria bila mifuniko?"

"Unaweza."

"Nani atanunua sufuria isiyo na mfuniko?"

"Hilo si la ofisi hii."

Yaa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alifungua mikono, akamwendea Mama Sarfowaa ili amkumbatie.

Mama Sarfowaa hakuinuka. Alitoa kijiti mdomoni.

"Madam," akasema, "nisomee tena pale aliposema peke yake."

Vigelegele vikakatika.

"Mama?" akasema Yaa.

"Nisomee. Mimi ni mzee, masikio hayashiki."

Madam akatazama karatasi yake, asijue kuna nini. "'Hakuna aliyenisaidia, si mashine, si mtu.'"

"Si mtu." Mama Sarfowaa akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Nilikuja hapa kuwa shahidi wako, hukuniita, basi nitoe ushahidi wangu sasa. Kitenge hiki kililala kwenye meza za wanawake wangu wiki tatu. Wiki tatu, Yaa! Watu wanapita, wanasema, aa, sufuria, wanakwenda zao. Kitenge kisicho na jina nani anajifunga? Ukaja kwangu unalia. Nikakitazama hiki kitambaa chako usiku na mchana. Nikakipa jina. Jina gani?"

Mlangoni wanawake wakajibu kwa pamoja, wakitazama chini:

"Jirani, Kinachochemka Si Chako."

"Kiliisha siku ngapi?"

"Siku mbili, Mama."

"Siku mbili. Kila mwanamke mwenye mke mwenza alinunua vipande viwili. Kila mwenye jirani mbea alinunua. Kuna mke wa mchungaji alinunua, na mchungaji mpaka leo anauliza maana yake. Walikuwa wananunua mifuniko? Mifuniko!" Akacheka, na hakuna aliyecheka naye. "Mimi sikudai kitu. Nilikaa nikasema, ni mtoto wetu. Siku ya nane uliposema sikufanya kitu, nilipenda. Nilisema huyu kalelewa. Leo umesema ni wewe, na si mtu. Kumbe mimi si mtu."

"Mama, sikuwa na maana hiyo! Wakili alinibana, ilibidi niseme—"

"Na ukasema. Na Madam kaandika, na muhuri kagonga."

Kweli, muhuri ulikuwa umegongwa. Wino ulikuwa haujakauka.

Yaa akamgeukia Madam. "Madam, naomba unifutie neno moja. Moja tu. Hilo la 'si mtu'."

Wakili Asamoah aliinuka pole pole kama paka aliyesikia sahani. "Ukilifuta, Bi Yaa, basi kitenge kina watunzi wawili, au hakina uhakika wa mtunzi. Nami naomba kesi ianze upya. Leo hii."

"Usifute!" akafoka Mjomba Donkor. "Madam, usifute!"

"Nifute au nisifute?" akauliza Madam Quansah.

Yaa akasimama katikati ya chumba. Upande mmoja karatasi inayosema yeye ni mtunzi. Upande wa pili wanawake ambao bila wao mtunzi atavaa vitenge vyake mwenyewe mpaka afe. Alimtazama Mama Sarfowaa, akautazama muhuri.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema Mama Sarfowaa. Akainuka. Akafungua kitenge cha sufuria alichojifunga juu ya gauni, akakikunja mara nne vizuri, akakiweka mezani juu ya ile hukumu. "Mifuniko ni yako, chukua. Jina ni langu, naondoka nalo."

Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wanawake wakaanza kufungua vitenge walivyojifunga. Hakuna aliyemtazama Yaa. Vilirundikana mezani mpaka Madam akafunikwa hadi kidevuni.

Mama Sarfowaa akatembea kuelekea mlangoni. Na hapo mlangoni, mtu mnene mwenye saa ya dhahabu alikuwa keshafika kabla yake, kamshikia mlango kwa mikono miwili, kainama kwa heshima ambayo Kumasi haijawahi kuiona kwake.

"Mama," akasema Bediako, kwa upole kama wa mkwe mpya. "Mimi mwanao nina makontena mawili ya sufuria. Mifuniko yake naifunika kwa rangi kesho, maskini. Na hazina jina."

"Mama, usimsikilize!" Yaa alipiga kelele kutoka nyuma ya rundo la vitenge.

Mama Sarfowaa alisimama. Alimtazama Bediako kuanzia viatu mpaka kipara. Akarudisha kijiti mdomoni, akatafuna mara moja, mara mbili.

"Za rangi gani?" akauliza.